Usiku wa Manyani Wawili

Nyumbani kwetu Makorora, Tanga, baada ya chakula cha usiku vyombo husubiri. Televisheni huzimwa, mkeka hutandikwa sebuleni, nami huwasomea watoto kitabu kwa sauti. Ndugu na marafiki hunihoji: huyu wa darasa la sita na mdogo wake wa darasa la tatu si wanajua kusoma? Waache wajisomee. Sikubali hata kidogo. Mtoto akisoma peke yake, neno gumu huliruka. Akisomewa, neno humpata pale pale alipokaa, na maana yake huidaka kutokana na sauti ya msomaji. Na Shaaban Robert hakuandika sentensi za kupitiwa na macho tu. Ni ndefu, zina mizani, na ukizisoma kwa sauti unajua mahali pa kuvuta pumzi.

Masika yaliyopita tulikuwa ndani ya Adili na Nduguze. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1952, na mwandishi wake ni mtu wa kwetu, mzaliwa wa Vibambani, karibu na mji huu, mwaka 1909. Watoto walilijua jina lake kwa ajili ya mtihani. Hawakujua kama mtu huyo anaweza kuwanyima usingizi.

Jioni ninayoisimulia, tulifika pale Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anapokwenda Janibu kukusanya kodi na kulala kwa mtawala wake, Adili. Adili ni mwungwana, hana doa. Lakini usiku Ikibali anamnyemelea mwenyeji wake, anamwona akiingia kwa manyani wawili aliowafungia, na kuwachapa. Nikafunga kitabu. Mkubwa akalalama kwamba haiwezekani, mtu mwema hapigi wanyama bila sababu. Binti akataka kujua manyani wamekosa nini. Kesho, nikawaambia. Wakaenda kulala wamenuna.

Sasa usiku huohuo, mvua ikinyesha, kaka yangu akabisha hodi kutoka Pangani. Gari lilikuwa limekwama njiani. Alikuwa ameloa chapachapa, bakora mkononi, na tenga begani limefunikwa gunia. Ndani yake mlikuwa na majogoo wawili, zawadi ya shemeji yake, mume wangu. Tenga tukaliweka stoo, karibu na jiko. Kaka akala wali uliobaki, akanywa chai ya tangawizi, na kabla ya kulala akaingia stoo na kibakuli cha maji. Watoto, ambao mimi nilidhani wamelala fofofo, walisikia yote kupitia ukuta: mkwaruzo wa kucha, bakora ikigonga sakafu, na sauti ya mjomba wao ikisema polepole, "Tulieni nyinyi. Kesho mtakiona."

Hapo hapahitaji maelezo.

Walisubiri nyumba itulie. Mkubwa akachukua tochi, mdogo akamfuata ameshika ncha ya fulana yake. Wakafungua mlango wa stoo, wakalifunua gunia. Kamba ya jogoo mmoja ilikuwa imelegea kwa maji ya mvua. Akaruka usoni mwa kijana, akapanda rafu, na rafu ikaachia. Masufuria ya shughuli, sinia, mbuzi ya kukunia nazi na mfuko wa sembe, vyote vikashuka pamoja. Binti akapiga ukelele uliosikika mpaka barabarani: "Nyaniii!"

Jirani wa ukuta wa pili alisikia kishindo na ukelele, akapaza sauti: mwizi! Mtaa wetu hauhitaji kuambiwa mara mbili. Filimbi ikalia. Mume wangu akatoka na panga, shuka kiunoni. Kaka akatoka na bakora. Vijana wa ulinzi wa mtaa wakaingia uani na matochi, nyuma yao mjumbe wa nyumba kumi akiwa na mwavuli. Na jogoo, ambaye alishafika juu ya ukuta, akaanza kuwika saa nane ya usiku.

Walichokikuta ni watoto wawili weupe kwa unga kuanzia nywele hadi vidole vya miguu.

Mjumbe akaketi barazani, akamwita kijana aeleze. Nilitaka kumjibia, maana alikuwa anatetemeka. Mjumbe akaninyooshea kiganja. Basi mwanangu akasimama mbele ya watu wazima waliokatizwa usingizi, akaanza na Mfalme Rai. Akaeleza kodi, Janibu, Ikibali na chumba cha manyani, akafika kwenye tenga la mjomba. "Nilighafilika, mzee," akamalizia. Neno hilo hakulipata shuleni wala kwenye katuni. Hakuna aliyemcheka. Kijana mmoja mwenye filimbi akauliza, "Enhe, na hao manyani walikuwa kina nani?"

Mjumbe alikijua kitabu tangu ujana wake, na kwa heshima ya wasikilizaji wadogo akakataa kusema. Alichotoa ni fununu tu: kisa hicho kina mzizi katika Alfu Lela Ulela, na kule wanaopigwa ni mbwa, Shaaban Robert ndiye aliyewafanya manyani. Kisha akaagiza kila mtu akalale.

Kesho yake unga ulifagiliwa, rafu ikapigiliwa upya, na jogoo akatushinda hadi adhuhuri. Usiku mkeka ulijaa. Kaka aliahirisha kurudi Pangani, binti wa jirani akaja na mdogo wake. Nikasoma jinsi Hasidi na Mwivu walivyomtosa baharini ndugu yao aliyewafadhili, na jinsi jini Huria alivyowageuza manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Binti yangu alikasirika kwa dhati: mtu anaitwa Hasidi, Adili alimwaminije? Kaka yangu akamjibu kwamba ndugu huaminiwa kwanza. Walibishana mpaka taa zikazimwa. Tulipofika mwisho, manyani waliporudishiwa ubinadamu wao na kusamehewa, binti alisema yeye asingesamehe upesi hivyo. Kaka yake akanyamaza.

Kinachofuata ni Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015, na mjomba ameomba tusianze bila yeye. Tunaitafuta pia tafsiri ya kwanza, Elisi Katika Nchi ya Ajabu, ya mwaka 1940, ili tuzisome zote mbili. Msomaji mwenye nakala kabatini, tafadhali atuazime. Tutaisoma kwa sauti na kuirudisha salama.