Mwacheni Bosi wa Mwisho Aishi

Huku Rugera, Karagwe na Kyerwa kote, kuna swali ambalo halijawahi kufikishwa kwenye kikao cha ukoo, ingawa linawakosesha watu usingizi sawasawa na mipaka ya migomba. Gemu ndefu ya kuvaa uhusika, zile ambazo wachezaji huziita RPG, imekuchosha ukiwa nusu ya njia. Uimalize au uiache? Kwa asiyezijua: unapewa jina, upanga butu na kijiji kitakachochomwa moto kabla hujajua choo kiko wapi. Kuanzia hapo unazunguka dunia kwa saa arobaini, sitini, pengine mia moja, ukipanda leveli na kuokota wenzako wa safari, mpaka ukutane na bosi wa mwisho. Ikiwa nzuri, sijui starehe ya kukaa kitako inayoishinda. Ikiwa mbaya, unazo saa mia za kuligundua hilo, na wengi huligundua saa ya kumi na mbili, kisha hutumia zilizobaki kubishana na nafsi zao. Msimamo wangu nautaja mapema, ili anayetaka kuniacha njiani aniache kwa haki: iache.

Ugonjwa huu haumpati kila mchezaji. Anayecheza mpira kwenye banda la gemu pale Kayanga au Omurushaka analipia mechi, anafungwa nne bila, anamkabidhi pedi anayefuata na kwenda zake akimlaumu kipa. Majuto yake yanaishia mlangoni. RPG haichezeki bandani, kwa sababu ukirudi kesho utakuta mtoto wa watu amesevu juu ya safari yako, na shujaa wako aliyekuwa leveli ya 30 sasa ni mwanzo mpya mwenye jina la matusi. Kwa hiyo mcheza RPG huwa na mashine yake mwenyewe, au simu aliyoiwekea PPSSPP, ile programu inayoifanya Android icheze gemu za PSP. Amejifungia chumbani. Nyuma yake hakuna foleni wala sauti inayosema, “Muda umeisha, toka.” Anayetakiwa kumtoa ni yeye mwenyewe, na huyo ndiye mtu asiyeaminika kuliko wote katika jambo hili.

Haaminiki kwa sababu gemu inamlipa mshahara wa uongo. Katika RPG kila ukifanyacho kina pointi, na pointi zikitosha unapanda leveli, namba zinarukaruka, muziki unapigwa. Sasa chukua gemu mbovu. Hadithi imekufa tangu sura ya pili, wenzako wa safari wanaongea kama tangazo la mbolea, na kisimani amesimama mzee anayetaka umletee nyoga tano. Unamletea. Anataka ngozi kumi za mbweha. Unamletea. Anakupa barua umpelekee mdogo wake, na mdogo wake amesimama hatua thelathini kutoka hapo, wanaonana. Na unakwenda! Unakwenda kwa sababu barua ina pointi 200 na wewe umebakiza 180 upande leveli. Ukishapanda, mbweha wa sura inayofuata nao wamepanda, kwa hiyo mnalingana vilevile kama jana. Hapo ndipo hoja yangu ilipo: ndani ya gemu hizi, hisia ya kusonga mbele si ushahidi kwamba kuna mahali unakwenda. Namba zinapanda katika gemu nzuri, na zinapanda kwa kasi ileile katika gemu mbovu. Anayesema “nisiache, naona maendeleo” anasoma kipimo ambacho hakijawahi kushuka kwa mtu yeyote.

Watetezi watasema subira. Inanoga mbele, watakwambia, usiikatie tamaa. Mfano wao mkubwa ni Final Fantasy XIII, iliyotoka Japani Desemba 2009, ambayo kwa saa zaidi ya 20 inampitisha mchezaji kwenye ujia mmoja mrefu, na dunia yake pana inafunguka kwenye sura ya 11. Sura zote ni 13. Nakubali kwamba wapo walioipenda, na wengi mno, maana iliuzika hadi ikazaa gemu mbili nyingine. Lakini waliofika sura ya 11 wakafurahi ni watu ambao kuna kitu kilikuwa tayari kinawafurahisha kwenye sura ya tatu: mapigano, muziki, wahusika. Asiyekuwa na hata kimoja kati ya hivyo anasubiri nini? Atajibiwa kwamba mvumilivu hula mbivu, na methali hiyo nadhani ilitungwa mbali na Karagwe. Huku ndizi tunayoitegemea hupikwa mbichi. Mvumilivu akiingoja iive, chakula cha jioni kimemtoka, na amebaki na kitafunwa cha watoto. Kila mkungu una siku yake ya kukatwa, na mkulima huijua kwa kuutazama, si kwa kuungoja hadi nyani watoe uamuzi.

Hoja ya pili ina sauti kubwa zaidi: nimeshatumia hela, nimeshatumia saa. Mwaka 1985 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha jaribio tamu kuhusu jambo hili. Watu 60 wa kwanza waliofika dirishani kununua tiketi za msimu wa tamthilia katika Chuo Kikuu cha Ohio waligawanywa bila kujua. Wengine waliuziwa kwa bei kamili ya dola 15, wengine walipunguziwa dola 2, wengine dola 7. Michezo ilikuwa ileile, viti vilevile. Waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi ya wenzao, lakini katika nusu ya kwanza ya msimu tu. Nusu ya pili tofauti ikayeyuka, maana uchungu wa hela nao huzeeka. Kwa hiyo ukiwa na hamu ya kumaliza gemu kwa sababu umeinunua, ngoja kidogo, hamu hiyo itapita. Serikali ya Uingereza ilichelewa kuyaona haya kule Kongwa. Mradi wake wa kulima karanga huko ulianza 1947, na ardhi ikasema mapema kabisa kwamba mvua haitoshi na ukavu ukizidi jembe halipiti. Wakaendelea, kwa kuwa walishaanza. Ulipofungwa Januari 1951, pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimekwenda, na hapakuwa na hata leveli moja iliyopanda. Saa nazo ni hela. Gemu iliyobakiza saa 80 inadai siku kumi za kazi ya saa nane, na mwenye shamba la kahawa anaweza kukwambia siku kumi za mavuno zina thamani gani, akakutajia na kilo.

Hapo atainuka mzee wa adabu na kusema: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Kwanza, aliyeitunga hiyo hakuwa na maana kwamba uoge hadi mto uishe. Pili, na hapa namheshimu zaidi, atasema kwamba asiyefika mwisho hana haki ya kuhukumu. Hiki ndicho kipingamizi pekee kinachonisumbua, na cha kumjibia kipo hapahapa nyumbani. Novemba 1861 John Hanning Speke na James Grant waliingia Karagwe kwa Mfalme Rumanyika, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Safari yao ilikuwa RPG kamili. Walikuwa na kundi la wasafiri akiwemo Sidi Mubarak Bombay, walitozwa hongo kila himaya waliyopita, na misheni za pembeni hazikukosekana: Speke alitenga muda wa kumpima shemeji wa mfalme unene wa mkono na paja, akaandika vipimo vyote kitabuni, na Nile ikangoja. Mguu wa Grant ukashikwa na vidonda, ikabidi aachwe Karagwe wakati Speke anaelekea Buganda Januari 1862. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo Speke akafika kwenye maporomoko ambako maji ya ziwa yanaondoka kuwa Nile. Grant hakuwepo. Alikuwa ameshamfuata Speke, kisha akatangulizwa Bunyoro. Mtu ametembea kutoka pwani, ameoza mguu, na tukio lenyewe likachezwa yeye akiwa ramani nyingine.

Sasa sikiliza. Speke hakuufuata mto huo hatua kwa hatua kwenda kaskazini, alikata kona. Mpinzani wake, Richard Burton, akamshika hapohapo: hukuufuata wote, unajuaje ni uleule? Mdahalo wao ukapangwa mjini Bath, Septemba 1864, na Speke akafa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe siku moja kabla. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley akalizunguka ziwa zima kwa mashua, ikaonekana Speke alikuwa sahihi. Naokota mambo mawili hapo. Dalili zikitosha, mtu anaweza kuujua mto bila kuogelea kila kona yake, na gemu iliyokuchosha kwa saa ishirini imetoa dalili za kutosha. Lakini mzee wa adabu naye hatoki mikono mitupu. Aliyekata kona aseme kwamba alikata. Sema, “Niliicheza hadi sura ya sita, na sura sita zile ni mbovu.” Usiseme mwisho wake ni mbovu. Hukuuona, wewe na Grant.

Na hata huo mwisho hauna dhamana. Mass Effect 3 ilipotoka Machi 2012, waliolia zaidi ni watu walioipenda, waliotembea nayo gemu tatu nzima, na malalamiko yakawa mengi hadi watengenezaji wakatoa nyongeza ya bure mwezi Juni kuufafanua. Kama mwisho unaweza kuwaumiza wapenzi, sioni unaanzia wapi kumponya aliyekwishachoka.

Inabaki namna ya kujua kama umechoka kweli au una njaa tu, na hapo Kagera tunasaidiwa na miundombinu. Mkoa wetu umevuta umeme kutoka Uganda kwa miaka mingi, na mwenye televisheni amezoea kukatikiwa. Siku umeme ukikatika kabla hujasevu, saa mbili za uyoga na mbweha zikapotea, usifikiri. Sikiliza kinachokutoka kinywani. Ukitoa lile neno ambalo mama akilisikia atakuita jikoni, gemu bado inakudai, irudie. Ukisema “basi,” ukaenda kuangalia kama chakula kimeiva, gemu hiyo imekwisha na bosi wa mwisho hana habari. Ukitaka kujua kijiji kilichochomwa kiliishia wapi, tafuta video ya aliyemaliza uutazame mwisho kwa nusu saa. Bando litauma, lakini si kama saa 80. Futa faili, simu ipumue. Na kama diski ni ya kuazima, mrudishie mwenyewe kabla ya Jumapili, wala usimwambie ulipofikia, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa kwamba yeye aliishia kwa yule mzee wa kisimani.