Ndovu wa Nocton

Waungwana waliokusudia kujenga zizi la ng'ombe wa maziwa 8,100 kijijini Nocton, katika jimbo la Lincolnshire huko Uingereza, walipoona kwamba wenyeji hawakuridhia hadhi waliyotunukiwa ya kuwa majirani wa samadi isiyo kikomo, walirejea mwaka 2010 na idadi ya 3,770, mithili ya mtu aliyekatazwa kuingiza ndovu wawili sebuleni, akataka idhini ya mmoja tu. Wenyeji, watu wasiojua ihsani, wakauliza habari ya harufu na malori. Na idara ya mazingira, isiyo na desturi ya kushabikia wanavijiji, ikauliza habari ya maji yaliyo chini ya ardhi. Februari 2011 ombi likaondolewa. Ng'ombe wenyewe, ambao siku zao nyingi zingepita chini ya paa, hawakuulizwa. Nadhani kwa kuchelea jawabu.