Meza Iliyopigwa Pasi

Mtu anayeishi Nyanda za Juu Kusini akionekana anatoka dukani na kopo la fila ya mbao, watu wana haki ya kumwonea huruma. Kule Mufindi pana shamba la Sao Hill, hekta zaidi ya 130,000, misindano na mikaratusi mpaka macho yachoke. Ukishuka kwenye basi pale Mafinga, harufu ya utomvu inakupokea kabla ya wauza mahindi. Halafu wewe, jirani wa utajiri wote huo, unanunua mbao ya kwenye kopo!

Lakini wingi wa mbao ndio ulioleta haraka, na haraka ndiyo iliyoleta mlango wangu. Ni wa paini, yaani msindano, hapa Mbeya, na fundi aliyeutengeneza hakuwa na muda wa kungoja ukauke. Paini mbichi inaweza kubeba maji yenye uzito sawa na wa mbao yenyewe ikiwa kavu. Maji hayo yakiondoka, ubao unasinyaa kwa upana huku urefu ukibaki karibu uleule, ndiyo maana nyufa hufunguka kwa kufuata mstari wa mti. Ikifika Agosti, ufa wa mlango wangu unapitisha baridi, vumbi na macho ya watoto wa jirani.

Shemeji yangu, anayekaa nasi wakati akijipanga kimaisha, aliuziba kwa fila mwezi huohuo wa Agosti. Akapiga msasa, akapaka vanishi, akaupiga picha. Nikamwambia, “Shemeji, ngoja mvua.” Akaniambia mimi ni mtu wa kukatisha tamaa. Mvua zilipoanza, ubao ukanywa unyevu, ukavimba, ukaanza kuitema ile fila. Kila mlango ukibamizwa, kipande kinadondoka. Kimoja kilitua karibu na bakuli la maharage. Hakuna aliyekiri kukila, ila hakikuonekana tena. Ufa unaopumua na majira haujazwi fila, unaachiwa nafasi yake. Fila ni ya tundu lililotulia: la msumari, la kona iliyong’oka, la jeraha.

Na majeraha tulikuwa nayo. Baba mkwe alitupa meza ya mninga kutoka Iringa. Mninga hauna ukoo na misindano ya Sao Hill. Unatoka kwenye miombo, ukikatwa unatoa utomvu mwekundu kama damu, na ukishakauka hautikisiki sana mvua inyeshe au jua liwake. Meza hiyo ilistahili kusafiri na dereva wake. Ilisafiri juu ya Fuso, zaidi ya kilomita 300, chini ya magunia ya viazi na jembe la mtu tusiyemjua. Ilipofika Uyole, hapa Mbeya, ilikuwa na mibonyeo ya kamba pembeni na mchubuko wa jembe katikati.

Mbonyeo hauhitaji fila. Nyuzi za mti zimelala tu, hazijakatika, kwa hiyo unatandika kitambaa kibichi, unagusisha pasi ya moto, na mvuke unaziamsha. Hili nililifanya kwa ustadi mkubwa, sebuleni, mlango ukiwa wazi. Jirani akapita, akasimama, akanitazama napiga meza pasi. “Shikamoo Mwalimu,” akasema, kisha kwa upole, “mama watoto yupo?” Jioni nilipokwenda dukani, muuzaji aliniuliza kama ninalala vizuri.

Umeme ulikatika mbonyeo wa mwisho ukiwa haujainuka. Shemeji, kwa moyo wake wa kusaidia, akaleta pasi ya mkaa, akaipuliza juu ya meza. Cheche ikatua. Sasa tukawa na mchubuko wa jembe na, pembeni yake, tundu jeusi la ukubwa wa shilingi.

Fila tuliyopata sokoni Mwanjelwa iliandikwa kuwa ni ya rangi ya mninga. Ilipokauka ilikuwa ya rangi ya plasta ya jeraha, na kwa kuwa tuliijaza yote kwa mkupuo, ikasinyaa katikati ikaacha kishimo. Fundi mmoja wa kule Sido aliitazama, akacheka bila kuficha, akaing’oa kwa patasi. Akakwangua tundu la moto mpaka kwenye mti mzima. Kisha akachukua kipande cha mninga, akakipiga msasa mpaka akapata unga laini (si ule wa msumeno, ule una chenga), akauchanganya na gundi nyeupe, akaushindilia kwa tabaka, akaliacha la mwisho lizidi kidogo. Sote tukapiga chafya; vumbi la mninga halina adabu puani. Kesho yake akasugua kwa kufuata mistari ya mti. Akatuonya kwamba gundi hainywi vanishi kama mbao, na kwamba doa litabaki jeusi kidogo. Likabaki jeusi kidogo. Mke wangu akatandika juu yake kitambaa cha kufuma, kama ilivyo kwa kila meza ya Tanzania, na nikajiuliza tulikuwa tunahangaikia nini.

Mama mkwe akaja Krismasi. “Kamwene,” akasalimu, na kabla hajavua kanga ya begani akakifunua kitambaa. Akapitisha kiganja taratibu. Akalipita tundu la cheche. Akaupita mchubuko wa jembe. Akasimama pembeni kabisa, kwenye jicho la mti ambalo Mungu mwenyewe aliliweka humo.

“Hapa,” akasema, “fundi wenu amewadanganya.”

Nikaeleza. Mke wangu akanikanyaga chini ya meza. Fundi akaitwa, akaja, akaliinamia lile jicho, akamtazama mama mkwe, akanitazama mimi.

“Kweli mama,” akasema, “hapa paliharibika vibaya.” Akataja bei.

Shemeji tayari alikuwa anatafuta msasa.