Mhadhara wa Bingwa wa Franjipani

Wakubwa kwa wadogo, mama zetu mlioacha sombe motoni, vijana wa moto mliozima mashine kwa heshima yangu: kimya, tafadhali. Mbele yenu amesimama Bingwa wa Franjipani wa Kasongo, Kabambare na vijiji vyote vya katikati. Cheo hiki sikupewa na chuo. Nilijipa mwenyewe, baada ya uchaguzi ambao mgombea alikuwa mmoja na mpiga kura ni yeye huyohuyo.

Sura ya kwanza: jina. Mti huu, ambao pwani wapo wanaouita msanapichi, kitaalamu ni Plumeria. Jina hilo ni kumbukumbu ya Charles Plumier, mtawa Mfaransa aliyefariki mwaka 1704 bila kunitaka ushauri. Asili yake ni Meksiko, Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi. Kwa hiyo mzee yule anayedai kwamba mababu zake waliukuta hapa kabla ya Tippu Tip, namwomba akae.

Sura ya pili: tawi. Kata lililokomaa, lenye gome la kijivu, la sentimeta 30 hadi 45. Litatoa utomvu mweupe kama maziwa. Usiuguse kisha ukafikicha jicho. Jaribio hilo nimekwisha kulifanya kwa niaba yenu, na siku nzima niliitumikia sayansi kwa jicho moja. Liweke tawi kivulini wiki moja hadi mbili, mpaka jeraha likauke na kujifunga. Ndipo ulipande.

Sura ya tatu: maji. Mnajua kwamba Livingstone alikwama hapahapa Kabambare, ambapo yeye alipaandika Bambarre, tangu Julai 1870 hadi Februari 1871, kwa vidonda vya miguu. Tawi langu la kwanza nalo liliugua miguu. Nililipanda bondeni karibu na mpunga, nikalimwagia bido la lita 20 asubuhi na jioni. Baada ya wiki tatu nikaling'oa nilione: chini limelainika kama ndizi iliyosahauliwa kapuni, na harufu yake haikuwa ya waridi. Franjipani hutaka udongo wa kichanga unaopitisha maji, na kiu kidogo. Kiangazi kikipamba moto, Juni hadi Agosti, mti ukipukutisha majani, usikimbilie ndoo. Umelala, haujafa.

Sura ya nne: jua. Mti huu hudai jua kali kwa muda wa saa sita kwa siku, au zaidi. Tawi la pili nililiweka sebuleni ili wageni wanipongeze. Likarefuka, likakonda, likaegemea dirisha kama mfungwa anayemsubiri ndugu yake alete chakula.

Sura ya tano: samadi. La tatu nililishindilia samadi ya mbuzi. Likatoa majani mapana ya kuezekea nyumba, bila ua hata moja. Isitoshe, kila Jumamosi ya salongo, siku ya usafi wa pamoja, nilikata ncha zake ili lipendeze, ilhali ua la franjipani huchomoza nchani. Ni sawa na kumkata mtu ulimi, kisha ukamlaumu kwa kutosalimia.

Mabaki ya ukataji huo niliyatupa nyuma ya uzio. Jirani yangu, mama muuza makala, akaokota kipande kimoja, akakichomeka mchangani kando ya jiko lake la nje, juani. Mwaka wa pili kikachanua: maua meupe, moyo wa manjano, yakinukia jioni mpaka kwangu. Nikaenda kumpongeza kwa kuzifuata kanuni zangu.

"Kanuni gani, Mwalimu?" akasema, huku akikung'uta gunia. "Mimi nilitaka mahali pa kufungia kamba ya nguo."

Naam. Hivyo ndivyo kanuni zangu zilivyothibitishwa, na mtu asiyezijua.

Sura ya mwisho ni ya siri. Harufu ile usiku huwaita nondo wakubwa. Huja na kiu, hutia mrija wao ndani ya ua, wasipate kitu: franjipani haina asali hata tone. Nondo haamini, anajaribu ua jingine, na lingine tena, huku akibeba chavua bila malipo. Harufu tele, chakula hakuna!

Hapo mtoto mmoja wa mstari wa mbele akanyoosha kidole, akauliza: "Mwalimu, kama mhadhara huu?"

Maswali hayapokelewi. Anayetaka maua akate tawi, alikaushe, alichomeke mchangani penye jua, kisha aende zake akafanye kazi nyingine. Na anayetaka tawi asije kwangu. Aende kwa mama wa makala, ila asubiri kwanza nguo zikauke.