Ulanzi wa Ubatizo

Mama mkwe aliapa kwamba mjukuu wake hatabatizwa bila ulanzi, pombe ya utomvu wa mwanzi. Yeye yuko Kihesa, Iringa, sisi tuko Uyole, Mbeya, na katikati kuna zaidi ya kilomita 300 za lami kupitia Mafinga na Makambako. Pasaka ilikuwa inakaribia, mvua zinanyesha, na huo ndio msimu wenyewe. Chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, likakingiwa mbeta, chombo cha mwanzi, na mgema hurudi asubuhi na jioni kulikata tena ili utomvu usikauke. Hakuna anayetia hamira. Chachu imo hewani na ndani ya mbeta, kwa hiyo utomvu huanza kuchachuka ungali unadondoka.

Shemeji aliuleta kwa basi kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, vifuniko amevikaza asije akalowesha begi. Alichagua mtogwa, ule mtamu wa siku hiyohiyo, kwa kuwa dada zangu hawawezi mdindifu, ule mkali uliokwisha kuchacha. Utamu huo ndio uliotuponza. Chachu huila sukari, na karibu nusu ya uzito wake hugeuka kilevi, nusu nyingine gesi. Kufika Uyole, vitako vya chupa vilikuwa vimevimba kiasi kwamba hazisimami. Tukazilaza stoo, juu ya gunia la unga.

Usiku ukasikika mlipuko. Mume wangu alitoka na panga akidhani ni mwizi. Stoo yote ilinuka kilabu, unga umelowa, mtoto analia, na shemeji amesimama mlangoni hana la kusema. Asubuhi tukafungua chupa moja iliyosalimika. Mashapo yaliyokuwa yametuama chini yalipanda na povu, na kilichobaki baada ya kumwagika kilikuwa kimevurugika kama maji ya mtoni.

Tukampigia mama mkwe simu. “Kamwene, mwanangu,” akasalimia, “mmeunyima pumzi,” akasema, na siku iliyofuata akaja mwenyewe na ndoo nyingine. Alichosema ni kweli tupu. Hata Kibuku, pombe ya nafaka, huuzwa kwenye boksi lenye upenyo, kwa sababu bado kinachacha.

Safari hii mfuniko wa ndoo uliachwa umelegea kidogo mpaka mapovu yakaisha na utamu ukapotea ulimini. Kisha ndoo ikawekwa kwenye sakafu ya stoo, ambako baridi ya Uyole huilaza chachu ikazama. Hapo ndipo pagumu kwa ulanzi. Ukiuharakisha ni mchafu, ukiuacha wazi siku nyingi unakuwa siki, kwani vijidudu vya siki huhitaji hewa. Mimi naona heri ubaki na mashapo kidogo kuliko uwe mwangavu na umeharibika. Mama mkwe aliuonja kila alipopita, na aliposema “sasa,” hatukubishana.

Hakumimina. Alitumia mpira mwembamba uliochemshwa, ncha yake ikielea juu ya mashapo, na ilipokaribia chini akaubana mpira, akauacha ulanzi uliobaki. Chupa zilikuwa za soda, zenye kitako cha vidole vitano kilichotengenezwa kuhimili gesi. Kila nusu lita ilitiwa gramu 3 za sukari, kijiko cha chai kisichojaa, ili upate povu la kiasi, na ikajazwa hadi karibu na shingo. Zilipokuwa ngumu ukizibonyeza, zikaingia kwenye friji zikiwa wima.

Siku ya ubatizo zilifunguliwa polepole, zikamiminwa kwa mkupuo mmoja bila kuinuliwa tena katikati, kwa sababu ukirudisha chupa wima mashapo yanachanganyika. Baba yangu, Mnyakyusa aliyekulia kwenye kimpumu, pombe ya kunywewa kwa mirija, alikunywa glasi mbili akaomba ya tatu. Mama mkwe alikubali ni mzuri, ila akadai harufu ya mwanzi imepungua, na hapo alikuwa sahihi. Kipaimara kikifika ameahidi kutuletea wa aina mbili: wa chupa kwa wageni, na mtogwa kwa ajili yake, ndani ya dumu lenye kifuniko kilichotobolewa.