Sifa za Ujumbe Unaotutilia Ngumu

Waacheni washairi wamsifu tausi. Mimi hapa Kaberebere, Uganda, kwenye kompyuta moja ya watu watatu, nausifu ujumbe usiopendwa na mtu: "Anwani inatumika tayari," unaotokea programu inapoomba poti, yaani mlango wa mtandao wenye namba, iliyokwisha kukaliwa na nyingine. Wanaojifunza kuandika programu, kuanzia Mbarara mjini hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wameutukana kwa Kiswahili, Kinyankole, Kilingala na Kisomali. Haujampandishia mtu sauti. Hurudia neno lake, basi.

Kwani umekosa nini? Kompyuta ina poti 65,536, sufuri ikiwemo, na bado sote twaing'ang'ania 8080 kama abiria wa teksi ya Mbarara wanaogombea kiti cha mbele. Katika barabara yetu hii, ujumbe huu ndio kondakta pekee asiyepakia wawili kiti kimoja. Apewe nishani!

Tena una sitara. Mara nyingi aliyekalia kiti ni wewe mwenyewe: programu ya jana, uliyodhani umeizima. Ujumbe haukutaji jina mbele za watu.

Na bila ukaidi wake tungejuaje kuishi pamoja? Poti ilipokataa wawili, tuliweka bawabu pale poti 443, anayemuuliza kila mgeni anamtaka nani, kisha humfikisha kwa programu husika. Hata WebSocket, itifaki ya mazungumzo ya pande mbili kati ya kivinjari na seva, iliyopata kanuni zake rasmi Desemba 2011, haikudai mlango wa peke yake. Hupita 80 au 443, hubisha hodi kama ukurasa wa kawaida, na katika hodi hiyohiyo huomba kubadili lugha ya mazungumzo, nayo hujibiwa 101: haya, badili. Ukurasa ulio ndani ya kivinjari, maskini, hauwezi kufungua poti yake kupokea soketi za wageni. Kazi yake ni kubisha hodi tu. Anayestaajabu lugha nyingi kupita mlango mmoja aende Base Camp, Nakivale, asikilize foleni ya madumu bombani.

Kweli, tangu 2013 Linux inaziruhusu programu kadhaa kukalia poti moja, mradi zote ziwe za mtumiaji mmoja na kila moja iwe imeomba mapema. Sawa. Lakini nani kati yetu huomba mapema?

Sasa, aliyeacha programu yake kwenye 8080 jana jioni, tafadhali aje aizime. Kama ni mimi, ujumbe utanisitiri.