Namna Nzuri ya Kutomaliza Kitabu cha Kiroho

Sogea karibu, haya yabaki kati yetu. Nyumbani kwako kuna kitabu cha kiroho ambacho hujakimaliza. Ulipewa siku ya kipaimara, au ulikinunua mlangoni mwa kanisa baada ya semina, moyo ukiwa bado unawaka. Sura ya kwanza uliisoma kalamu mkononi, ukapigia mstari karibu kila sentensi. Sura ya pili ina mistari mitatu tu. Kuanzia hapo kurasa ni safi kama zilivyotoka kiwandani, na risiti ya LUKU uliyoiweka iwe alama haijasogea tangu Pasaka.

Usione haya. Wapo wengi wanaovimaliza vitabu hivi na kubaki walivyokuwa, kwa kuwa muda wote walikuwa wanaukimbilia ukurasa wa mwisho. Nitakufundisha kuishia njiani kwa faida.

Hatua ya kwanza: usinunue kingine.

Najua unavyojidanganya: kosa ni la kitabu, ukikipata kile kipya anachokisifu mchungaji utasoma. Hutasoma. John Bunyan, fundi wa masufuria huko Uingereza, alioa mwanamke maskini kama yeye, wakaanza maisha bila hata sahani na kijiko. Bibi harusi alikuja na vitabu viwili vya dini alivyoachiwa na marehemu baba yake. Bunyan akaanza na hivyohivyo viwili, na ndiye aliyekuja kutuandikia Safari ya Msafiri, iliyotoka mwaka 1678. Ukiwa na viwili, tayari una maktaba.

Ikibidi ununue, nunua cha zamani. Mwaka 1944 C. S. Lewis aliandika utangulizi wa tafsiri ya kitabu cha Athanasio wa Aleksandria juu ya Umwilisho wa Neno. Humo alishauri kwamba ukimaliza kitabu kipya, usishike kipya kingine kabla ya kusoma cha zamani. Na hilo likikushinda, basi cha zamani kimoja kwa kila vipya vitatu. Mshauri anayekupunguzia sharti kabla hujaomba ni wa kumsikiliza.

Hatua ya pili: kiache mezani, wageni wakione.

Ndiyo, kwa majivuno. Majivuno tunayo sote, afadhali tuyape kazi. Mwaka 386 mjini Milano, afisa wa ikulu aitwaye Ponticianus alimtembelea Augustino, Mwafrika mwenzake, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa ufasaha wa kusema. Akaona kitabu juu ya meza ya michezo, akakifungua akidhani ni cha masomo ya ufasaha. Kumbe ni nyaraka za Mtume Paulo! Ponticianus, aliyekuwa Mkristo, akafurahi mno. Mazungumzo yakafika kwa Antoni, mtawa wa jangwa la Misri, na kwa maafisa wawili wa mji wa Trier walioacha utumishi wa mfalme baada ya kusoma habari za maisha ya Antoni. Augustino hakutulia tena. Siku hiyohiyo, akiwa bustanini, alimgeukia Mungu.

Mazungumzo yote hayo yalianzia kwenye kitabu kilichoachwa mahali pa kuonekana. Basi na chako kitoe chumbani, kiweke sebuleni karibu na rimoti. Mgeni atakuuliza kinahusu nini, wewe hutapenda kuumbuka, na usiku huo utasoma kurasa mbili. Mungu hazikatai kurasa mbili kwa sababu zimeletwa na aibu.

Hatua ya tatu: ruka.

Chukua Maungamo ya huyohuyo Augustino. Ni vitabu 13 ndani ya kimoja, na wanaoanzia mstari wa kwanza kwa nia ya kufika wa mwisho huchoka mapema. Wewe ingia kupitia dirishani. Anza na kitabu cha 2, penye wizi wa mapea.

Alikuwa na miaka 16. Yeye na wenzake walikwenda usiku kwenye mti wa jirani, wakautikisa, wakabeba mzigo wa matunda na kuwatupia nguruwe. Basi, kosa lenyewe ni hilo tu. Hakuna aliyeuawa, na mapea yenyewe hayakuwa hata mazuri. Kwao alikuwa na bora kuliko hayo. Lakini Augustino, akiwa sasa askofu wa makamo pale Hippo, katika nchi tunayoiita leo Algeria, anasimama mbele ya mti ule na hataki kuondoka. Kwa nini niliiba kitu nisichokihitaji? Anajibu, analikataa jibu lake, anajaribu jingine. Mwisho anaona jambo linalomtisha: peke yake asingeiba. Aliiba kwa sababu wenzake walikuwepo na alikuwa na haya ya kuonekana ana haya.

Hapo funga kitabu. Usifungue ukurasa unaofuata. Kaa na wizi wako mwenyewe, ule mdogo usiokuwa na maana, na uulize nani walikuwepo siku ile. Ukikaa hapo kwa robo saa, umesoma zaidi ya aliyevimaliza vyote 13 kwa wiki moja. Siku nyingine rukia kitabu cha 9, penye kifo cha mama yake, Monika, kule Ostia. Vitatu vya mwisho, vyenye swali la wakati na ufafanuzi wa kitabu cha Mwanzo, viache mpaka uviulizie wewe mwenyewe.

Hatua ya nne: pima ladha inayobaki.

Mwaka 1521 askari mmoja wa Kibaski, Ignasi wa Loyola, alivunjwa mguu na mzinga vitani Pamplona. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa wa farasi na upanga. Nyumbani hazikuwepo, akapewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu, akasoma kwa kukosa kingine. Alikuwa anasoma kidogo, kisha anaota ndoto za mchana: mara vita na mwanamke wa heshima, mara kuishi kama Fransisko na Dominiko. Baada ya siku nyingi akagundua kwamba ndoto za kwanza zilimfurahisha kisha zikamwacha mkavu, na zile za pili zilimwacha na furaha hata zilipopita. Akaanza kunakili, maneno ya Kristo kwa wino mwekundu na ya Bikira Maria kwa bluu.

Wewe wino mmoja unatosha. Nakili sentensi moja tu, iliyokuacha na furaha au iliyokuchoma. Ukikosa hata moja katika sura nzima, songa mbele bila kinyongo.

Hatua ya tano: ulimi upewe zamu ya mwisho.

Unatamani kupiga picha kitabu, Biblia na kikombe cha chai, uirushe kwenye status. Piga picha. Lakini usiirushe kabla hujatenda jambo moja ulilolisoma: kumpigia simu dada yako mliyenuniana, kulipa deni la dukani. Ukishatenda, rusha. Ninavyowajua watu, nusu ya wakati hamu ya kurusha itakuwa imekwisha, na hapo ndipo utajua kitabu kimeingia.

Bunyan alilijua hili. Katika Safari ya Msafiri yumo bwana mmoja anayeweza kuzungumza lolote la dini, popote, hata kwenye kilabu cha pombe. Msafiri aitwaye Mwaminifu anavutiwa naye sana. Mwenzake wa safari, Mkristo, anayemfahamu bwana huyo tangu kwao, anamwonya kwamba nyumbani kwa bwana huyo hakuna sala. Anapoulizwa kama maisha yake yanashuhudia anayoyasema, bwana yule anakasirika na kujiondoa.

Hatua ya sita: tafuta mzee wa kukuzungukia.

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, inayofuatwa hata leo na watawa wa Ndanda na Peramiho, inaagiza katika sura ya 48 kila mtawa apewe kitabu wakati wa Kwaresima. Na kwa kuwa inawajua binadamu, inatuma mzee mmoja au wawili wazunguke saa za kusoma, kuona nani amekaa tu au anapiga soga. Inataka pia kitabu kisomwe chote, kwa mfuatano. Watawa wana kengele na saa za kusoma zilizopangwa. Wewe una daladala na watoto. Chukua kwao yule mzee. Mama mmoja wa jumuiya anayekuuliza kila Jumamosi, “Umefika wapi?”, atakusaidia kuliko maazimio ya mwaka mzima.

Kitabu kikikaa mwaka mzima bila kusogea, kigawe. Andika ndani ya jalada ukurasa ulioishia, mwambie huyo unayempa aanzie hapo, na umsihi akusimulie kilichofuata. Akikupigia, msikilize mpaka mwisho, na umwambie wazi kwamba wewe hukufika huko. Atakueleza kwa bidii zaidi.